Aliitikia Mara ya Nne

Jumamosi jioni tulibanana mbele ya TV: mimi, mama mdogo, mwanawe wa miaka mitano, na nesi wa chumba cha pili. Filamu ilikuwa ya dereva wa basi la shule. Anasingiziwa kwamba amemuumiza mtoto, na mji mzima unamgeuka. Aliyeigiza dereva anajua kazi. Hasemi sana, anatazama tu mikono yake, na wewe unaumia. Mama mdogo alilia mpaka mto wa kochi ukalowa. "Watu wabaya," akasema. "Hata kumsikiliza hawakumsikiliza."

Jumatatu akamtuma mtoto ng'ambo ya barabara kwa Fundi Futi, apeleke kaptula ikafupishwe. Huyo ni fundi cherehani. Tunamwita hivyo maana futi kamba haitoki shingoni mwake. Watu husema hata kuoga anaoga nayo.

Mtoto akarudi analia. Nguo zimelowa, na mguuni ana alama nyekundu ya moto, upana wa vidole viwili. Fundi akaja nyuma yake, anataka kueleza. Mama mdogo akamfungia mlango usoni. Kisha akamgeukia mtoto.

"Ni fundi?"

Kimya.

"Ni fundi na pasi yake?"

Akauliza tena, sauti juu. Mara ya nne mtoto akaitikia kwa kichwa.

Basi. Mama mdogo akarekodi sauti kwenye simu, akaituma kwenye kundi la mtaa. Nusu saa haikuisha, watu wamejaa kwa fundi. Wengine wanadai vitambaa vyao. Mmoja ana jiwe. Fundi amekaa nyuma ya cherehani, anatazama mikono yake. Nikamkumbuka yule dereva. Nilitaka kusema kitu, nikarudi nyuma ya watu.

Aliyesema ni nesi. Alikuwa anatoka zamu, hoi. Akasimama mlangoni na mkoba wake, akawaambia kwamba kama fundi ana kosa, polisi wapo na ustawi wa jamii wapo, na jiwe halijawahi kutibu mguu wa mtu. Yule wa jiwe akaliweka chini taratibu, kama vile lilikuwa la mwenzake.

Tukaenda zahanati. Njiani nikamweleza nesi jinsi mtoto alivyoulizwa mpaka akaitikia. Mama mdogo akafoka: kwa hiyo mwanawe ni mwongo?

"Hapana, dada," nesi akasema. "Mtoto lazima asikilizwe, kila mara. Ila wewe ulimlisha maneno. Ukimfokea, ataitikia chochote ili unyamaze. Na siku akiumizwa kweli na mtu, tutajuaje lipi lake na lipi lako?"

Zahanati, nesi akakaa sakafuni, usawa wa mtoto. Akasema moja tu: "Hebu nisimulie, tangu ulipotoka nyumbani." Halafu akangoja. Mimi ningeshauliza maswali kumi.

"Nilipanda pikipiki ya kaka," mtoto akasema mwishowe. "Bomba la moshi likaniunguza. Fundi akanimwagia maji mengi. Niliogopa mama atanichapa."

Kaka ndo mimi. Pikipiki niliiegesha mwenyewe mbele ya duka la fundi, ikiwa bado ya moto. Nilitamani ardhi inimeze.

Nesi akatuonyesha alama, upande wa ndani wa shavu la mguu. Akasema bomba la pikipiki huunguza hapo hapo. Akasema pia kwamba yale maji ndiyo yaliyookoa ngozi: maji safi ya kawaida, dakika ishirini, siyo dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.

Sasa mama mdogo. Hapo ndo nilimkubali. Alirekodi sauti nyingine, kundi lile lile: "Nimekosea mimi. Fundi alimsaidia mwanangu." Kisha akapita nyumba kwa nyumba akirudia. Wiki nzima akakaa kwenye kibaraza cha fundi akishona vifungo, kila apitaye amwone. Na mtoto akimwambia jambo, siku hizi anakaa chini kwanza. Mimi pikipiki naiegesha ndani ya uzio.

Jumamosi iliyopita filamu ikarudiwa. Fundi akaja kuitazama, na futi kamba yake shingoni. Ikafika pale mji unapomgeuka dereva.

Fundi akatikisa kichwa. "Maskini," akasema. "Mtaa wao hauna nesi."

Mama mdogo akasogea, akampa nafasi kwenye kochi.