Foronya Afungua Boksi

Foronya hakuwa na mama. Mama alikwisha kufa. Hakuwa na ndugu hata mmoja. Hakuwa na kitanda. Godoro lake lilikaa sakafuni. Hakuwa na mtu wa kumwuliza, "Umekula?" wala mtu wa kubishana naye nani azime taa. Baba alikuwa naye, lakini alikuwa baba wa mbali, mwenye mke mwingine na watoto wengine. Simu ya baba ilizoea kuita mpaka ikachoka yenyewe.

Leseni alikuwa nayo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na sheria ya kwao ilimruhusu kijana wa umri huo kuendesha chombo kidogo. Kwa leseni hiyo alipata kazi kwa Bi Dobi.

Bi Dobi alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache. Mikono yake ilikwisha kuzoeana na maji ya moto. Alifua mashuka ya nyumba za wageni. Yeye ndiye aliyempa msichana jina. Siku ya kwanza alimwona amepotea ndani ya gauni pana la marehemu mama yake, akasema, "Huyu ni foronya isiyo na mto." Wapiga pasi wakacheka, na jina likaganda. Msichana hakuchukia. Jina la utani ni dalili kwamba kuna mtu amekutazama.

Kazi yake ilikuwa kupeleka mashuka safi na kurudi na machafu. Alitumia pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, yenye boksi kubwa la bati nyuma. Katika kazi hiyo palikuwa na mwiko mmoja. Kitu kilichosahaulika ndani ya mashuka, iwe hereni au saa, kilitiwa katika kopo juu ya rafu mpaka mwenyewe aje. Nyumba kilikotoka haikutajwa mbele ya mtu.

"Dobi anafua, hasimulii," Bi Dobi alipenda kusema. "Nikianza kusimulia, mji huu utavunjika ndoa zote."

Asubuhi moja Foronya alikuwa njiani na mzigo. Mbele ya boksi kulikuwa na mashuka safi, yamekunjwa kama kurasa za kitabu kipya. Nyuma yake kulikuwa na furushi chafu alilolichukua nyumba nyingine. Karibu na daraja askari wa barabarani alimwinulia mkono. Akasimama pembeni.

Askari aliomba leseni, akapewa. Akaomba bima, akapewa. Vyote vilikuwa sawa. Alizunguka pikipiki, akagonga bati kwa kidole.

"Naweza kuona ndani?"

Foronya hakujua kwamba lile lilikuwa swali. Alikuwa amelelewa kusema "ndiyo" kwa mkubwa, kisha ndipo afikiri. Akashuka upesi, akafungua boksi mwenyewe.

Askari alitoa mashuka moja moja na kuyaweka chini. Hakukuwa na sehemu safi ya kuyaweka, na upepo nao ukatia mkono wake. Shuka moja lilikimbia mpaka mtaroni. Foronya alilitazama tu. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao.

Ndipo furushi chafu likafunguliwa, na simu ikadondoka. Ilikuwa simu ya bei kubwa.

"Ya nani?"

Foronya alijua furushi lilitoka nyumba gani. Akitaja, amevunja mwiko wa Bi Dobi. Akinyamaza, aliona ataonekana jeuri. Akatafuta njia ya katikati, na njia ya katikati ikawa uongo.

"Yangu."

"Vizuri. Ifungue basi."

Simu ilidai namba za siri. Foronya akaitazama, nayo ikamtazama. Askari akacheka kidogo puani. Kisha akatia mkono katika mifuko ya aproni ya msichana, mmoja baada ya mwingine, aproni ikiwa bado mwilini mwake. Ng'ambo ya barabara alikuwepo askari wa kike, anaandika. Hakuna aliyemwita.

Kituoni walimwuliza maswali, naye akajibu yote, hata yale asiyoyaelewa. Karani wa mapokezi aliuliza, "Tumpigie nani?"

"Hakuna mtu, afande."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Lakini baada ya kulisema, alilisikia. Karani akaandika vivyo hivyo, kwamba hana mtu. Foronya akapewa karatasi ya maelezo, akatia sahihi bila kuisoma, kwa sababu kalamu ilikuwa imekwisha kuelekezwa kwake. Akaambiwa arudi Jumatatu na mtu mzima, ajibu shauri la kukutwa na mali ya wizi. Pikipiki na ile simu vikabaki kituoni. Yeye akarudi kwa miguu, mashuka begani.

Bi Dobi aliyatazama yale mashuka, akasema neno moja: "Pipani." Akageukia pasi yake. Foronya alifua peke yake mpaka vidole vikakunjamana. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemsemesha. Kwake yeye kutosemeshwa na kufukuzwa vilikuwa kitu kimoja.

Katika nyumba aliyopanga, chumba cha pili alikaa mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria. Wapangaji walimwita Wakili kwa utani, naye kila mara aliwasahihisha kwamba yeye si wakili, ni msaidizi wa sheria, na wao kila mara walisahau makusudi. Jioni ile alimkuta Foronya bombani. Ndoo ilikuwa imejaa, maji yanamwagika, na msichana ameketi anayatazama.

"Bomba hilo linalipiwa, mdogo wangu," alisema, akalifunga. "Haya. Nini?"

Foronya alieleza. Alipofika kwenye neno "yangu" aliinamisha kichwa. Alipofika kwenye mifuko ya aproni alisema haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.

Jirani hakumkemea. Alivuta kigoda. Alimwambia kwamba kusimamishwa si kosa. Askari anayo haki ya kusimamisha chombo na kutaka leseni na bima, na dereva hana budi kuvitoa. Nawe unayo haki ya kuuliza kwa heshima umesimamishwa kwa nini, na askari ni nani.

"Na boksi?" Foronya aliuliza.

"Aliuliza kama anaweza kuona. Swali lina majibu mawili. Ungeweza kusema, 'Samahani afande, sikubali.' Kama ana sababu ya kweli ya kushuku, sheria inaweza kumpa ruhusa ya kupekua bila kibali chako. Hapo usimzuie. Usishike boksi, usimsukume, usikimbie. Unasema tu kwamba hukukubali, unasimama mahali anapokuona wewe na mikono yako. Mabishano yanasubiri kituoni, mbele ya mkubwa wake."

"Si ni ujeuri, dada?"

"Ujeuri uko kwenye sauti. 'Sikubali' unaweza kuisema kama unamkaribisha mtu chai."

Foronya akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

Kuhusu simu, jirani alisema jambo ambalo Foronya hakulitarajia. Zaidi ya kutaja nyumba na kudanganya, ilikuwepo njia ya tatu. Angetoa leseni, angesema jina lake na anapokaa, kisha angesema, "Maswali mengine nitajibu mtu mzima wangu akiwepo." Kisha anyamaze.

"Ungekuwa umetunza siri ya Bi Dobi bila uongo wowote," alisema. "Kunyamaza ni haki. Kudanganya polisi ni kosa. Watu wanadhani ni ndugu hao, kumbe si ndugu."

Akaendelea taratibu. Karatasi usiyoisoma, au usiyosomewa ukaielewa, usiitie sahihi. Kitu chako kikichukuliwa, omba kiandikwe, upewe nakala. Na msichana hupekuliwa mwilini na askari wa kike, mahali pa staha.

"Alikuwepo," Foronya alisema. "Ng'ambo ya barabara."

Jirani akasema kwamba hilo nalo lina mahali pake pa kupelekwa, lakini kwanza Jumatatu. Yeye angemsindikiza, ila kituo kilitaka mtu mzima anayewajibika kwake. Mtoto wa chini ya miaka kumi na minane hahojiwi peke yake. "Nani?" aliuliza.

Foronya alipiga simu kwa baba. Safari hii ilipokelewa. Nyuma ya sauti ya baba watoto walicheka na sahani ziligongana, walikuwa wanakula. Baba aliuliza kama ni shida ya pesa. Foronya akasema si pesa, ni mtu wa kusimama naye.

"Mwanangu, huku ni mbali," baba alisema. "Mwambie huyo tajiri wako."

Simu ikakatika. Foronya aliendelea kuishika sikioni, ili jirani asijue imekwisha. Jirani alijua. Akajifanya anatafuta kiatu.

Kesho yake Foronya aliingia kwa Bi Dobi akiwa ameamua kusema yote, halafu aage mwenyewe kabla hajaagwa. Bi Dobi alipiga pasi huku anasikiliza. Hakumkatiza. Mwisho akauliza, "Walipokuuliza wampigie nani, ulisemaje?"

"Nilisema hakuna mtu."

"Namba yangu imeandikwa ubavuni mwa boksi."

"Ndiyo, Bi Dobi."

"Kwa rangi nyekundu. Herufi hivi." Akapanua mikono. "Mpaka mbuzi wa mtaani wanaijua."

"Nilidhani wanauliza ndugu."

Bi Dobi alimaliza shuka lile mpaka pindo la mwisho. Kisha akasema kwamba mwiko wake aliuweka kwa ajili ya wambea, hakuuweka umfunge mtoto wa mtu. Akavua aproni, akaenda mwenyewe kwa mwenye nyumba ya wageni. Kumbe mgeni mmoja wa pale alikuwa ameitafuta simu yake siku nzima, ameinua mpaka magodoro. Alikubali kuja kituoni kusema kwamba ni yake.

Jumatatu walikwenda wanne. Foronya aliulizwa upya, Bi Dobi upande mmoja na jirani upande wa pili. Alikiri wazi kwamba alidanganya, akaeleza kwa nini. Kila neno lilipoandikwa, alisoma kabla ya kutia sahihi. Palipoandikwa "nilichukua", aliomba paandikwe "iliangukia ndani ya furushi". Karani akamtazama, akaandika, akampa nakala. Mgeni alifungua simu mbele ya mkuu wa kituo, na picha ya mwanawe ikatokea. Mkuu akauliza kwa nini maelezo ya kwanza yalichukuliwa mtoto akiwa peke yake. Karani akainamia daftari lake. Shauri likafungwa hapo. Pikipiki ikatoka.

Jirani hakuridhika na bahati. Jioni moja alijifanya askari pale uani, amevaa sufuria kichwani, na Foronya akajifunza kusema "sikubali" mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Wapangaji waliocheka mwanzoni, nao wakaomba kufundishwa.

Msomaji, sheria za nchi hazifanani neno kwa neno. Uliza katika ofisi ya msaada wa sheria ya kwenu kabla hujafikwa. Dawa haichimbwi siku ya homa.

Haukupita muda, Foronya alisimamishwa tena na askari mwingine. Alizima injini, akaacha mikono juu ya usukani mpaka alipoombwa leseni. Askari akauliza kama anaweza kutazama boksi. Foronya aliuliza kwa upole kuna sababu gani. Akaambiwa ni kawaida tu.

"Samahani afande, kwa hiari yangu sikubali. Lakini sitakuzuia. Ukitaka kunihoji, namba ya mtu wangu ni hiyo hapo ubavuni."

Askari alisoma ile namba nyekundu. Akarudisha leseni. "Pita," alisema. "Safari njema."

Angeweza kuishia hapo. Bi Dobi mwenyewe alisema maji yamekwisha tulia, ya nini kuyakoroga. Lakini kila asubuhi Foronya alipofunga aproni, vidole vyake vilisita kwenye mifuko. Aliona pia kwamba wasichana wengine hupita daraja lile. Akamwambia jirani anataka kupeleka malalamiko.

Aliandika mwenyewe, mezani pa kukunjia mashuka. Hakutukana na hakuongeza chumvi. Aliandika siku, mahali, namba ya askari iliyokuwa kwenye nakala ya maelezo, na kilichotendeka kwa mpangilio wake: mashuka chini, mifuko ya aproni, askari wa kike asiyeitwa, maswali bila mtu mzima. Jirani alisahihisha maneno mawili tu. Barua ilikwenda ofisi inayopokea malalamiko juu ya polisi, na kwa kuwa mwandishi alikuwa mtoto, mtu mzima alitakiwa kutia sahihi chini yake.

Bi Dobi alifuta mikono, akachukua kalamu. Akasita.

"Hapa wanataka nini?"

"Uhusiano," jirani alisema. "Wewe ni nani kwake. Unaweza kuandika mwajiri."

Bi Dobi alimtazama Foronya, ambaye alikuwa ametazama chini, anapanga foronya ambazo zilikwisha kupangwa.

"Mwajiri nini," alisema. "Naandika mlezi. Tusicheleweshane, pasi ina moto."

Akaandika kwa herufi kubwa, akarudi kwenye pasi yake. Foronya alikunja barua mara tatu, pembe juu ya pembe, akaitia katika bahasha. Alipaka gundi, akaibonyeza kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akaenda posta, akaitumbukiza sandukuni.