Chumba cha Tano

Jumamosi ile, kwenye duka la Pravin la vifaa vya ujenzi pale Mirongo, watu walibanana kaunta kama dagaa juani. Shimba, fundi mwashi mwenye vumbi la mawe mpaka kwenye kope, alikuwa akigombea misumari. Msichana wa gauni la njano akapenyeza mkono chini ya kwapa lake, akachukua kufuli dogo.

"Dada, hilo hata panya analifungua."

"La begi hili, siyo la benki. Naenda Maskati."

"Kufanya nini?"

"Kufua nguo za watu, nijenge kwetu. Wewe fundi umejenga wapi?"

"Kwa watu. Kwangu bado."

Akacheka. Shimba alirudi kazini na kicheko kile, akapindisha mstari mzima wa matofali.

Jina lake Dorcas. Wiki tatu zilizobaki walipendana kwa pupa, kama abiria wanaokula huku basi linapiga honi. Siku ya mwisho Dorcas akampandisha Shimba mlimani Ilemela, kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake: mwamba mtupu, ziwa likimeremeta chini.

"Nitatuma hela, wewe jenga. Vyumba viwili tu, mpenzi. Bati likipanda, narudi tunaoana."

Shimba aliupasua mwamba ule kwa moto: kuni juu ya jiwe kutwa nzima, likishika joto, nyundo. Hela ya Dorcas iliingia kila mwezi. Ikawalisha wagonga kokoto, wabeba maji, na mama Bernadeta aliyewauzia uji. Mtaa mzima ulishiba kwa mikono ya msichana mmoja.

Vyumba viwili vilipofika usawa wa linta, juu ya milango, Shimba alivitazama, akaviona vidogo. Mke wake atoke ng'ambo, aingie kibandani? Watu waseme nini? Akapiga simu.

"Mama watoto!"

"Watoto wako wapi, muongo wewe?"

"Wakija watalala wapi? Nataka niongeze chumba."

Mashine ya kufulia ilisikika ikiunguruma upande wa pili.

"Sawa, Shimba."

Cha tatu kikazaa cha nne. Kila picha aliyotuma ilijibiwa kwa hela, lakini ile "sawa" ilizidi kupoa. Amepata mwingine, Shimba akajiambia. Kiburi kikampanda: akachimba msingi wa chumba cha tano, ili siku moja Dorcas aone ni mwanaume gani amemwacha.

Mwaka wa sita, bati jekundu likapanda. Dorcas akaja.

Alikuwa ndani ya abaya nyeusi, amekonda, vidole vimebabuka kwa sabuni. Alizunguka chumba kwa chumba, akagusa kuta.

"Vitano," akasema.

"Kwa ajili yako."

"Mara mbili nilishafunga begi. Mara mbili unatuma picha ya msingi mpya, naongeza mkataba. Nikajua hutaki nirudi, unataka hela."

"Mimi? Mimi nilidhani una mtu huko! Si ungesema?"

"Niseme nini? Kwenye picha ulikuwa unacheka."

Shimba akakaa chini sakafuni. Dorcas akakaa kando yake, akaegemeza kichwa begani kwake.

"Basi yameisha," Shimba akasema. "Kesho naenda kwa mama yako na mahari."

"Hili bati, Shimba, ni mshahara nilioomba mapema. Nimepewa likizo ya wiki tatu. Nina deni la miaka miwili."

Shimba akaruka kama aliyekanyaga moto. "Naling'oa leo! Naliuza!"

"Bati lenye matundu ya misumari nani atanunua, mume wangu?" Akacheka, na machozi yakamtoka humo humo.

Wiki tatu zile walitumia chumba kimoja. Vinne vilibaki na mwangwi.

Uwanja wa ndege, Dorcas alifungua lile kufuli dogo kwenye begi, akampa.

"Ufunge mlango wetu. Na usiongeze hata tofali."

Shimba alikuwa bado amelishika, ndege imeshapotea juu ya ziwa, simu ilipoita. Moyo ukamruka. Ilikuwa namba ngeni, sauti ya mama mtu mzima.

"Fundi Shimba? Binti yangu yuko Dubai. Nataka nyumba kama ile yenye bati jekundu, vyumba vitano."

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Viwili, mama," akasema. "Nitakujengea viwili. Mwambie arudi."