Mshiriki wa Saba

Rekodi ilikatwa majina, ikarefuka.

Restituta alivua hedifoni akatazama tena skrini. Kila alipofuta jina la mtu, faili lilipaswa kupungua kidogo. Hili lilikuwa limeongezeka, na pale alipokata palisikika kama mtu anayepumua kwa mdomo, taratibu, akisubiri zamu yake ya kusema. Alidhani ni feni ya maktaba. Akaizima. Pumzi ikabaki.

Kazi yake katika maktaba ile ya chuo, pale Ifakara, ilikuwa kusafisha data za watafiti kabla hazijawekwa wazi mtandaoni. Majina ya watu yanatoka, vijiji vinatoka, kila aliyesema anapewa namba. Rekodi hizi zilikuwa za Daktari Remigius, aliyezunguka bondeni akiwarekodi waganga wanaotibu watu wenye kuanguka. Jarida lilikuwa limeikubali makala yake kwa sharti kwamba data zake zisomwe na yeyote.

Rekodi mojawapo ilikuwa ya Kandida, mdogo wake Restituta. Miaka ile alipokuwa akianguka na kuzungumza kwa sauti ya kiume, familia ilimpeleka Sanje kwa Bibi Levina, na Daktari akarekodi tiba yote. Bibi alilibana jini lililokuwa limempanda hadi likataja jina lake, akalishika kwa jina hilo, akaliamuru likae katika kina fulani cha mto Kilombero, lisitoke. Kandida alipona, akaolewa. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, na amekuja kukaa kwa dada yake ili awe karibu na hospitali.

Restituta hakupenda kazi ya nusunusu. Alifuta jina la Kandida, la Bibi na la kijiji. Kisha akafuta jina la jini na la kile kina cha mto, maana mwongozo ulisema majina yote, haukusema ya binadamu tu. Na kwa kuwa jini nalo lilikuwa limesema, alilipa namba kama wengine: Mshiriki wa Saba. Daktari Remigius alicheka hadi akashika meza, akauliza kama huyo mzee naye aliweka saini ya ridhaa.

Faili likapanda mtandaoni. Rekodi za mwanzo zikafutwa kabisa, kama washiriki walivyoahidiwa.

Jioni ile, alipofungua mlango wa nyumba yake, Restituta alipokewa na harufu ya tope la jaruba la mpunga lililoanza kukauka, lenye samaki waliofia humo. Kandida alikuwa mkekani akipeta mchele. Hakuinua uso.

"Dada," alisema polepole, "huyo uliyekuja naye mbona hasalimii?"

Restituta aligeuka. Hapakuwa na mtu. Lakini sakafuni, kutoka kizingitini hadi ukingoni mwa mkeka, kulikuwa na nyayo za maji, na alipokuwa akizitazama, akitaka kujiambia kwamba ni zake, ingawa nje kulikuwa kukavu na viatu vyake bado vilikuwa miguuni, ungo ukamponyoka Kandida, mchele ukatawanyika, shingo yake ikalegea kama ya mtoto anayesinzia, na kutoka katika kinywa kile alichokijua tangu utotoni ikatoka sauti nzito, yenye maji.

"Nilikuwa na kwetu. Mmenifungulia."

Usiku wote walisali rozari. Kandida aliitikia kila salamu, mara kwa sauti yake, mara kwa ile nyingine.

Bibi Levina alikwisha kufariki, hivyo kulipokucha walimwita binti yake, Frida. Alifika na basi la kwanza, akamshika Kandida mapigo ya shingoni, akataka jina la jini. Mama yake Frida hakumwachia mtu jina lile. Alilitaja siku moja tu, mbele ya kinasa sauti cha Daktari.

Restituta akampigia Daktari Remigius. Safari hii hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna kilichobaki popote, ndivyo walivyowaahidi watu. Restituta mwenyewe alilisikia jina lile mara nyingi wakati wa kulikata, lakini kila alipokaribia kulitamka lilimteleza kama kambale.

"Lisilo na jina halifukuzwi," Frida alisema. "Ukisema toka, unamwambia nani? Pale palipokuwa na jina, mliweka nini?"

Restituta aliona aibu. Akasema, namba.

Frida akasogeza kigoda chake mbali naye kidogo. "Basi umempa jina, dada. Na aliyempa mtu jina ndiye mlezi wake. Mwite mwenyewe."

"Mshiriki wa Saba," Restituta alinong'ona.

"Naam, mama," ilijibu ile sauti, kwa adabu.

"Mwache mdogo wangu."

"Niende wapi? Kwangu ulipafuta."

Khanga iliyofunika tumbo la Kandida ilikuwa ikiinuka na kushuka, ikiinuka na kushuka, kwa pumzi ile ile ya taratibu aliyoisikia maktabani, na Restituta, aliyemlea mdogo wake tangu mama yao alipozikwa, akaelewa kwamba isipopatikana nafasi nyingine, kitu hiki kimekwisha kuiona iliyo karibu.

"Njoo kwangu," alisema.

Kandida akafumbua macho, akaomba uji. Mtoto akacheza tumboni, teke la kawaida la mtoto. Frida hakungoja chai wala hakutoa mkono wa kwaheri.

Restituta alikwenda kazini. Aliwaza kuliondoa lile faili mtandaoni, akaacha. Akiifuta ile namba, jini litarudi kuwa halina jina, na litaanza tena kutafuta njia ya kuingilia.

Jioni alisimamisha bodaboda nje ya maktaba, akapanda. Dereva, kijana mmoja aitwaye Kelestini, hakuondoa pikipiki. Aligeuka akatazama nyuma ya Restituta.

"Mama, samahani," alisema. "Mwambie mzee asogee mbele, miguu yake inaburuza chini."