Sufuria ya Kifuniko cha Kijani

— Clémentine, ile sufuria yako ya kifuniko cha kijani iko wapi?

Aliyeuliza njo Jeannette, muuza samaki wa soko letu, huku anakwangua magamba kama muntu asiye na neno. Mimi nilikuwa pembeni nachagua pilipili. Mukono uliacha kuchagua, sikio likaendelea.

— Iko nyumbani. Sababu gani?

— Hapana, naulizaka tu. Naona Papa Onema anavukaka nayo ngambo kila magaribi. Na shati ya kanisa juu.

Clémentine akacheka. Kicheko kile nakijua, kinaanzia kwenye meno na kinaishia hapo hapo.

Huyu Clémentine njo mama wa chumvi na sabuni. Leo yuko Kindu, kesho yuko juu ya pikipiki kwenda Kampene kuuzia wachimbaji. Siku ya Mungu anaimba vizuri kushinda wote. Siku ya kazi, ukimwita jina anakujibu bei.

Alifunga meza yake mapema, akaenda nyumbani. Sufuria haiko. Kikwembe chake kipya cha kujifunga, cha maua, haiko. Bwana yake Onema, fundi cherehani, haiko. Simu yake tu ilibaki kwenye chaji, na ikalia. Aliyeandika alikuwa amewekwa kwa jina moja tu: Ngambo.

"Papa Onema, sombe ya jana ilipita utamu. Leo usikawie, nakungoja."

Akashika njia ya mto. Na mimi nilikuwa na haja ya kuvuka. Haja yangu ilizaliwa hapo hapo nilipomuona anapita.

Katika mutumbwi nikamuuliza:

— Mama, kanisa gani inaomba ngambo saa hii?

— Koko, leo nitararua muntu, akaniambia, maana sisi wazee wanatuitaka Koko.

— Rarua, mama. Mimi nitakushikia mufuko.

— Miaka yote hii namupikia, namufulia. Ata wakati wa vita nilimungojea, watu wakiniambia amekufa, niolewe tena. Leo ananivukia na sufuria yangu.

— Pengine sufuria njo ilimuomba.

Hakucheka. Nikaangalia maji.

Kule Alunguli, ngambo ya mto, hatukuuliza sana, kila muntu alijua nyumba inakokwenda sufuria ya kijani. Tukaingia kiwanjani. Onema alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, sufuria miguuni, na mutoto muchanga mapajani.

Clémentine akasimama mbele yake.

— Onema. Huyo mutoto ana pua ya nani?

— Ya baba yake.

— Baba yake nani?

— Unamujua. Yuko Lubutu, anachimba.

— Na mama yake anavaa kikwembe cha nani?

Mama wa mutoto akatoka nyumbani, maua ya kikwembe kiunoni. Clémentine alikuwa amefungua kinywa, tusi limeisha kupangwa. Yule binti akapiga goti.

— Mama Clémentine, leo umekuja mwenyewe. Kila siku nasema, mama huyu na kazi yote ile, chumvi, sabuni, njia ya Kampene, bado anapata wakati wa kunipikia. Ata kikwembe chako kipya ulinitumia. Mama yangu angekuwa hai angekuimbia.

Kinywa cha Clémentine kikabaki wazi, lakini tusi lilikuwa limerudi tumboni. Yule binti alikuwa Elodie wa kanisa letu.

Ngoja niwaambie. Katika kanisa letu, mwanamuke akizaa na bwana yake yuko mbali, dada mumoja anasimama mbele ya watu na kusema: "Huyu ni wangu." Tangu hapo anamupelekea chakula mpaka mutoto ajue kucheka. Na chakula kinakwenda katika sufuria yake mwenyewe, si ya kuazima, watu waione njiani na wajue neno limeshikwa. Tulianza wakati wa vita, njia zimefungwa, mashamba hayafikiki. Clémentine alizaa wakati ule, Onema amekwama upande wa Pangi. Aliyesimama kwa ajili yake alikuwa Émilienne, na majani ya muhogo ya hiyo sombe alikuwa anayachuma nyuma ya choo. Huyo Émilienne njo mama wa Elodie.

Kwa hiyo pasta alipotaja jina la Elodie, Clémentine alisimama kabla ya wote. Tulilia. Kesho yake lori ya chumvi ikafika, na neno likasahaulika.

Katika kurudi tulikuwa watatu mutumbwini, na katikati ya mto Clémentine akamugeukia bwana yake.

— Mbona hukunikumbusha?

— Nilikukumbusha. Ulisema kesho. Nikakukumbusha tena, ukaniuliza bei ya sabuni.

— Ungeniambia basi kwamba unapeleka weye.

— Ungeona haya. Na mimi sikutaka waseme bibi yangu alisimama bure.

— Na shati ya kanisa?

— Ni kazi ya kanisa.

— Na kwenye simu, Ngambo ni jina la muntu?

— Ningeandika jina la mwanamuke, ungeuliza maneno.

— Nimeuliza.

— Nimeona.

Clémentine akanawa uso na maji ya mto. Nikafikiri wivu umezama mtoni. Kumbe bado.

— Onema, hiyo sombe tamu unaipikaka na nini? Mimi hujanipikia ata siku moja.

— Hujakaa nyumbani ata siku moja mpaka ikaiva.

Hapo nilikohoa, maana kucheka kungetupindua wote.

Kesho yake chumvi ilingoja. Clémentine alivuka na sufuria kichwani, na Onema nyuma yake. Hakumuacha tena avuke ngambo ile peke yake, ata kwa kazi ya Mungu.

Siku ya ibada akaomba neno.

— Ndugu zangu, mulinisifu. Sufuria ilikuwa yangu, lakini aliyepika na kuvuka ni bwana yangu. Mimi nilisimama na kinywa tu. Sasa nimeanza kupeleka mwenyewe.

Onema akachunguza viatu vyake. Ndipo Jeannette wa samaki akainua mukono.

— Pasta, mimi sikuzaa, lakini bwana yangu pia yuko mbali. Papa Onema hawezi kusimama kwa ajili yangu?

Wanaume wakacheka. Wanawake hawakucheka, walimuangalia Onema vizuri, kama kitambaa kipya sokoni. Clémentine alikuwa hajakaa bado. Akaweka mukono juu ya bega la bwana yake, akawaangalia mumoja mumoja, akaishia kwa Jeannette.

— Huyu ni wangu.

Na neno hilo, lori ya chumvi haijamusahaulisha mpaka leo.