Kibanda cha Kijivu

Siku ya pili ya maonyesho ya vifaa vya nyumbani, uwanja ulifurika watu mpaka vumbi likakosa pa kutua. Wauza majiko walipayuka kwenye vipaza sauti, wauza magodoro nao hawakukubali kushindwa. Katikati ya vurumai hiyo, chini ya kibanda cha nguzo nne kilichowekwa kwa maonyesho, alikaa mwanamume mrefu mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, kalamu nyekundu sikioni, bunda la karatasi mapajani. Alikuwa anasoma. Alikuwa pale tangu adhuhuri.

Mwenye kibanda alimvumilia mpaka akachoka. Watu wote walimwita Fundi, kwa kuwa tangu ana miaka kumi na tisa alikuwa akishona maturubai na kusimamisha vibanda vya kivuli katika karakana ya mjomba wake. Siku hiyo alivaa gauni la rangi ya zafarani na viatu vizito vya kazi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Kaka, samahani," alisema. "Hapa si maktaba."

"Najua, dada. Nakijaribu."

"Unakijaribu kwa kusoma?"

"Kwa kukaa. Nilipofika saa sita, kivuli kilinifunika mwili mzima. Sasa ni saa tisa, hebu tazama." Akaonyesha goti lake, ambalo jua lilikuwa limeshalifikia. "Saa kumi litakuwa kifuani. Mwenzako wa pale mbele ananiambia kivuli ni kivuli tu."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia. Miaka yote aliyofanya kazi ile, wateja walimuuliza rangi. Hakuna aliyewahi kukaa na kulisubiri jua.

"Kivuli cha nani hicho unachokitafuta kwa kalamu nyekundu?"

"Cha mama yangu," akasema, na ucheshi ukamtoka usoni. Akaeleza. Mama yake alikuwa anatumia dawa zilizofanya ngozi yake isivumilie jua hata kidogo. Akipigwa na miale dakika chache, mwili unavimba na kuwasha. Mwezi wa nne sasa alikuwa anashinda sebuleni, mapazia yamefungwa. Hakuwa analalamika. Aliomba kitu kimoja tu, apate pa kukaa uani baada ya chakula cha mchana, aone watu wakipita barabarani.

Fundi akavuta kiti. Akamweleza bila kumpamba. Mwavuli mkubwa wa mguu mmoja ungehitaji mtu wa kuuhamisha kila saa, na upepo ukija unaruka na mguu wake. Turubai la kukunja linalofungwa ukutani ni zuri mchana, lakini jua la jioni linapita chini yake. Vile vibanda vya paa la mbao zilizoachiana nafasi, vinavyopendwa na watu wa picha, vinapitisha mistari ya mwanga. Kwa mgonjwa wa namna hiyo ni sawa na kumweka juani kwa vipande vipande.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nije nione ua wenyewe. Nijue jua linaingilia wapi na linatokea wapi."

"Njoo saa sita," akasema yule mwanamume, akikusanya karatasi zake. "Ukae mpaka saa kumi na mbili. Ndiyo njia pekee."

Alikuwa msahihishaji wa vitabu katika kiwanda cha uchapaji, na wenzake walimbandika jina la Nukta, kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumponyoka.

Ua ulikuwa mdogo, umesakafiwa, na ukuta mfupi upande wa barabara. Fundi alichora kwa chaki mahali jua lilipofika kila saa, mpaka sakafu ikajaa mistari. Mama yake Nukta alimtazama kupitia mwanya wa pazia.

"Fundi!" aliita. "Umekuja kupima ua au umekuja kucheza rede?"

"Nacheza na jua, mama. Mpaka sasa linanishinda."

"Mlete ndani huyu," mama akamwambia mwanawe. "Anajibu."

Walielewana tangu siku hiyo. Mama alikuwa mpiga chapa mstaafu, mwanamke mnene wa sauti, mwenye masihara yasiyoisha, na ugonjwa ulikuwa umemchukulia nguvu za miguu lakini si za mdomo. Fundi alipendekeza kibanda cha nguzo nne, paa la turubai zito la kijivu lisilopitisha mwanga, na upande wa magharibi pazia la kuteremshwa jua likianza kuinama. Alileta vipande vya vitambaa akavitandaza mezani. Mama akagusa kile cha kijivu.

"Hiki."

"Kijivu kinampa mtu sura ya mgonjwa," Nukta akasema haraka. "Tuone na kijani."

Wiki iliyofuata Fundi akaja na kijani. Nukta akasema kijani kinageuza nyuso za watu kuwa za majani. Akaja na cha rangi ya maziwa. Maziwa yanashika uchafu. Akaja na cha rangi ya udongo. Nukta akainua kitambaa dirishani, akakipindua, akauliza kama kuna udongo uliokolea zaidi.

"Nyinyi wawili," mama akasema, "mnachagua paa au mnachagua majina ya watoto?"

Fundi alijifanya anatafuta futi ambayo ilikuwa shingoni mwake. Nukta alikwenda jikoni kuchemsha chai ambayo tayari ilikuwa mezani.

Simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za kazi.

"Fundi, swali. Nguzo zina urefu gani vile?"

"Nilikuandikia kwenye karatasi, Nukta."

"Karatasi ina kosa. Umeandika 'ngunzo'."

"Ndiyo umenipigia simu kwa sababu ya n moja?"

"N moja inaweza kuangusha nyumba."

"Haya, baba wa nukta. Ifute. Kuna kingine?"

"Kuna. Umekula?"

Mjomba wake Fundi, mzee wa maneno machache na mikono mikubwa, alimsikiliza akicheka peke yake nyuma ya cherehani, akatikisa kichwa na kurudi kwenye mabomba yake ya nguzo.

Mwishowe, wiki ya nne, walirudi palepale walipoanzia, kwenye kijivu. Fundi alilishona lile turubai kwa siku mbili. Alipomaliza, alilikunja, akalifunga kamba, akaliweka kwenye rafu ya juu kabisa. Nukta alipopiga kuuliza, Fundi alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Bado. Kuna kifaa fulani tumeagiza, hakijafika."

Hapakuwa na kifaa. Kilichokuwapo ni hofu. Kibanda kikishasimama, atapita kwenye ule ua kwa kisingizio gani? Hawakuwa wameambiana lolote. Kwa hiyo aliendelea kwenda "kuhakikisha vipimo", akanywa chai, akachekeshwa na mama, na kurudi na Nukta mpaka kona ya barabara kwa hatua zilizopungua mwendo kila siku.

Jumatatu moja, siku tisa tangu turubai lifungwe kamba, mama mwenyewe alimpigia.

"Fundi, mwanangu, hicho kibanda kinatoka mwezini?"

"Karibu kinafika, mama."

"Fanya upesi. Jana kuna harusi imepita hapa na ngoma zake, nimeiona kwa jicho moja."

Jioni ile ile akapiga Nukta. Sauti yake haikuwa na utani.

"Fundi, nina jambo. Nimelisahihisha mara nyingi mpaka nimechoka, nitalisema lilivyo. Nakupenda."

Fundi alikaa juu ya marobota ya vitambaa. "Rudia."

"Kuna kosa?"

"Hakuna. Rudia tu, mpenzi."

Akarudia. Walizungumza mpaka simu ikawa ya moto sikioni, na kabla hawajaagana Fundi akasema, "Jumamosi naleta kibanda cha mama." Aliona wepesi mkubwa kulisema. Hakikuwa na haja tena ya kuchelewa.

Jumatano mama alipelekwa hospitali, kifua kimembana. Alhamisi alfajiri akafariki.

Jumamosi, baada ya maziko, ua ule ulijaa watu. Turubai la kukodi lililoagizwa halikuwa limeletwa, na jua la saa saba liliwaka juu ya sakafu. Wanawake wazee walijibana ukutani kwenye kivuli chembamba, khanga zimefunika vichwa. Fundi alipowaona hakufikiri mara mbili. Alimpigia mjomba wake, na haikupita saa moja wakawa wamesimamisha nguzo nne, wakatandaza paa la kijivu, wakalikaza kamba. Wazee wakaingia chini yake mmoja mmoja, wakipumua kwa nguvu na kumwombea baraka.

Nukta akatoka ndani. Alivaa shati jeusi lisilopigwa pasi, macho yamevimba. Alikitazama kibanda. Akasogea akagusa mshono wa pembeni, ule mshono ulionyooka, uliotulia, ambao kamwe haukuwa kazi ya haraka.

"Kilikuwa tayari tangu lini?"

Fundi angeweza kudanganya. Watu wote wangemsaidia kudanganya.

"Tangu wiki ya juzi," akasema.

"Wiki ya juzi."

"Nukta, nisikilize—"

"Mama yangu amekaa gizani siku kumi na kitu, na hiki kiko kwako?" Hakupaza sauti, ila ua mzima ulimsikia. "Kiondoe."

Dada yake mkubwa akamshika mkono. "Mdogo wangu, wazee wamekaa. Si sasa."

"Basi wakiondoka. Kiende na fundi wake." Akarudi ndani.

Fundi alisubiri kando ya geti, amesimama juani, mpaka mtu wa mwisho alipoinuka. Halafu akafungua kamba zote kwa mikono yake. Mjomba wake akabeba nguzo.

Alipiga simu siku ya kwanza, ya tatu, ya kumi. Iliita mpaka ikakatika. Aliandika ujumbe mrefu, akaeleza siku zote kumi na moja, akaomba radhi. Alama zilionyesha umesomwa, jibu hakuna. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Alikonda mpaka gauni la zafarani likampwaya. Kila alipoliona pazia limefungwa kwenye nyumba ya mtu, alipita upande wa pili wa barabara. Aliamini kwamba yeye peke yake ndiye aliyemnyima mama yule ua wake, na kwamba Nukta alikuwa na haki ya kumchukia mpaka kufa.

Siku moja, mchana, akainua kichwa kutoka kwenye cherehani akamwona amesimama mlangoni mwa karakana. Ndevu zilikuwa zimemwotea ovyo. Hakuwa na kalamu sikioni.

"Naweza kukaa?"

Fundi akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Kijivu kilikuwa kizuri," Nukta akasema.

"Nini?"

"Siku ile ya kwanza. Mama alipokigusa. Kilikuwa kizuri, na mama alikitaka. Usiku aliniambia, chukua hicho hicho, mwanangu, nimechoka ndani. Nikamwambia asubiri, kuna kizuri zaidi kinakuja. Kijani hakikuwa na ubaya. Maziwa hayakuwa na ubaya. Nilikuwa nataka urudi, Fundi. Kila nikikataa rangi, ulikuwa unarudi. Siku zako ni kumi na moja. Zangu ni mwezi mzima."

Kwanza Fundi alihisi mzigo unamtoka mabegani, akataka kumkumbatia pale pale na walie wote wawili kwa ujinga wao. Kisha ikaja hasira.

"Ulijua," akasema. "Siku ile uani, ulijua."

"Nilijua."

"Ukanisimamisha mbele ya watu."

"Nilikuona wewe nikajiona mimi. Sikuweza kukaa na mimi mwenyewe, nikakufukuza wewe."

"Miezi mitatu, Nukta. Silali. Miezi mitatu najiita muuaji, na wewe unasoma ujumbe wangu na kuuweka chini."

Hakujitetea. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha. "Nimekuja kukuomba unisamehe. Na nimekuja kukuomba unioe au nikuoe, sijui linasemwaje. Dada yangu anajua nimekuja. Nakupenda vile vile. Zaidi."

Fundi alimtazama mwanamume yule ambaye yeye mwenyewe alimngoja usiku na mchana. Alimpenda. Hilo halikuwa na shaka hata kidogo, na ndilo lililomuuma.

"Nikuulize kitu, mpenzi. Unijibu bila kupamba."

"Uliza."

"Tukioana, siku moja nitakosea tena. Au utakosea wewe, mtoto atadondoka, kitu kitaharibika. Siku hiyo ukishindwa kuubeba uchungu wako, utanisimamisha mimi tena juani?"

Nukta alifungua mdomo. Fundi alimwona akitafuta neno, akilifuta, akitafuta jingine. Mtu mwingine angeapa haraka. Yeye maisha yake yote hakuweza kuacha sentensi yenye kosa ipite.

"Sijui," akasema mwishowe.

"Asante kwa kutonidanganya."

"Fundi, naweza kujifunza."

"Unaweza. Lakini si kwa kujifunzia juu yangu." Aliushika uso wake kwa mikono miwili, akamfuta machozi kwa vidole vigumu vya kushona. "Nimekusamehe, na wewe unisamehe siku zangu kumi na moja. Sasa nenda, kabla sijabadili mawazo. Tafadhali, Nukta. Nenda."

Alikwenda. Alisimama kidogo barabarani, amempa Fundi mgongo, kisha akavuka na watu wakamfunika.

Haikupita muda wakaingia mume na mke, vijana waliovaa vizuri, wameshikana mikono. Walikuwa wamehamia nyumba mpya na walitaka kivuli cha uani. Walizunguka wakigusa kila kitu, wakabishana kwa kucheka kati ya mwavuli na kibanda.

"Dada, tumependa vyote," mke akasema. "Acha kwanza tukafikirie, tutarudi wiki hizi mbili tatu."

"Mna mgonjwa nyumbani?" Fundi akauliza.

Wakatazamana. "Hapana. Ni wa kwetu wenyewe tu, wa kupumzikia."

"Haya, basi fikirieni taratibu," akasema. "Hakuna haraka."

Akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, na kilio alichokizuia tangu siku ya maziko kikamtoka chote kwa sauti. Wale vijana wakashtuka. Mjomba aliweka chini bomba alilokuwa analikata, akajifuta mikono, akawasogelea.

"Fundi amefiwa," akawaambia. "Njooni niwaonyeshe mimi."