Mapazia ya Nyumba ya Watu

Ndugu zangu, hasa nyie mnaolala nyumba za kupanga na kuota za kwenu, sogeeni. Nataka kuwasimulia ya jirani zangu wawili, fundi cherehani na mumewe mwoka mikate, watu wasio na ugomvi na mtu.

Mchana wao ulikuwa mtamu. Mume alirudi na harufu ya mikate nguoni, akajinyoosha kwenye mkeka nyuma ya cherehani, na mashine ikawa inambembeleza. Ndipo wakaanza kujenga kwa maneno.

"Mlango wa mbele tuupake kijani," anasema mke.

"Kijani cha majani au cha chupa?" anauliza mume, ulimi umeshalegea kwa usingizi.

Walijenga hivyo miaka na miaka, na mimi wa chumba cha pili nilisikia kila tofali likipanda. Nilikuwa nacheka peke yangu, lakini nilikuwa nawaombea.

Siku moja dalali alileta suruali ipunguzwe. Mtaani tulimwita Kaka Ufunguo, maana alitembea akizungusha funguo kidoleni kama mwenye mji. Akasikia habari za mlango, akatabasamu. "Shemeji, nyumba hiyo mnayoiota, mimi ninayo."

Akawapeleka. Nyumba nyeupe mwisho wa kichochoro, madirisha mapana, sebule imejaa jua kama bakuli la maziwa. Fundi alisimama katikati, akiona watoto ambao hajawazaa wakikimbia sakafuni. Kibarazani nyuma alikaa mama mmoja mtu mzima, anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni."

Kaka Ufunguo akawavuta pembeni. "Huyo mpangaji, anahama mwisho wa mwezi. Tafadhali msimgusie mambo ya kuhama, roho inamuuma. Nyie naona mna utu."

Hapo ndipo alipowapatia. Watu hawa wamelelewa vizuri, na utamuulizaje mama wa watu atafungasha lini? Wakaona haya. Wakati bado wanaona haya, dalali akamwambia fundi, "Si una futi yako? Pima madirisha, uanze kushona mapazia." Yule bwana alijua kazi yake. Mtu akishapima dirisha, moyo wake umeshahamia.

Wakarudi tena na tena kupima na kuota. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu, mwenye maneno laini. Aliwaonyesha hati yenye jina la marehemu baba yake. "Nimebaki nayo mimi," alisema, nao wakampa pole ya msiba.

Dada mkubwa wa fundi alipopata habari, alikuja mbio.

"Mmeenda ofisi ya ardhi kuulizia?"

"Tutaenda, dada."

"Majirani wanasemaje?"

"Majirani wapole kweli."

"Sijauliza upole wao! Wakili je?"

"Wakili wa nini, dada? Kijana mwenyewe ananiita mama."

Dada akashika kiuno, akaondoka bila kuaga. Wale wawili wakarudi kwenye usingizi wao. Mume akauza shamba aliloachiwa na baba yake, wakatoa na akiba yote, wakamkabidhi kijana mkononi, Kaka Ufunguo akiwa shahidi. Walipeana mikono wakicheka.

Kesho yake fundi alienda peke yake kutundika mapazia. Yalikuwa ya buluu iliyopauka, mepesi, na upepo ulipoingia yalijaa yakainuka, sebule nzima ikawa kama inapumua. Mama wa kibarazani akaingia, akashika pindo kwa vidole viwili.

"Mwanangu kanikumbuka," alisema. "Nani kamwambia nilikuwa natamani ya buluu?"

Fundi akatabasamu kwa huruma. "Mama, haya ni yetu. Sisi ndio tulionunua nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Hii, mama."

Mama akakaa taratibu. "Hii nimejenga na mume wangu. Watoto wanne nimewazaa humu. Huyo aliyewauzia ni kitinda mimba wangu. Mimi sijauza, na wenzake hawana habari."

Fundi akapaza sauti. "Sasa mbona hukutuambia? Tumekuja mara zote hizi!"

"Niwaambie nini? Mwanangu alisema nyie mafundi wa mapazia. Mlikuja, mkanisalimia vizuri sana, mkapima mkaenda zenu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu."

Kijana hajaonekana mpaka leo. Simu ya Kaka Ufunguo haipatikani. Kesi ipo, inaahirishwa kila wanapokwenda. Mama yule alilia pamoja nao, lakini hakuweza kuwapa nyumba yake, wala wao hawakuwa na uso wa kuiomba. Shamba lina mwenyewe mwingine, ameshalima. Mume sasa anaoka usiku na mchana, na kutoka chumbani kwao nasikia cherehani tu. Inaniuma, sifichi.

FUNZO

Ndugu zangu, ota, hakuna anayekukataza, ila ukishaamka nenda ofisi ya ardhi ukajue jina lililoandikwa ni la nani, na kama ni la marehemu, warithi ni wangapi na kama wote wamekubali kuuza. Tafuta wakili wako mwenyewe, si wa dalali. Ongea na majirani, rudi siku ya mvua uone maji yanapita wapi, na fedha zipite benki ili ziache alama. Usishone wala usinunue hata kitasa kabla ya hayo. Na ukimkuta mtu anaishi ndani, na mwingine akakuambia usimuulize, basi huyo ndiye wa kwanza kumuuliza. Kaa naye chini, mwambie, "Mama, hii nyumba ni ya nani?" Utaonekana huna adabu kwa dakika moja tu. Jirani zangu waliogopa dakika hiyo, na mama yule alikuwa pale pale siku zote, na angewajibu.