Dizeli kwenye Dagaa wa Kisorya

"Mwewe, uko wapi?"

"Kisorya. Nanunua dagaa."

"Mtu wetu?"

"Juu ya mnara."

Masatu alificha darubini ndani ya gunia. Leo alikuwa mchuuzi: kandambili, kofia ya pama, bastola ya Glock 19 chini ya shati. Hatua mia mbili mbele yake, Injinia Eliud alikuwa anafuta kioo cha kipimajua kwa kitambaa.

Kesho wawekezaji wangeamua wapi wajenge kiwanda cha haidrojeni ya kijani, gesi inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua na kutengenezewa mbolea. Kisorya ilikuwa na ziwa, barabara na laini ya umeme. Lilibaki jua tu. Na kwa wiki tatu kipimajua kilikuwa kinasoma jua hafifu, utadhani ni masika, kiwanda kikielekea kuhamia nchi nyingine. Kuna mtu alikuwa anakichezea.

"Una uhakika ni Eliud?" aliuliza Revocatus, mkuu wake, kwenye kifaa cha sikioni.

Uhakika! Masatu alikuwa anaomba Mungu awe Eliud.

Miaka sita iliyopita Hilda alikuwa mchumba wa Masatu. Kazi ikampeleka Masatu mbali, miezi minane bila simu. Aliporudi Musoma alikuta Hilda ana pete, ana nyumba mtaa wa Mukendo, na mume ni huyu huyu rafiki yake anayefuta vioo. Tangu hapo akisikia jina la Eliud, roho inamuuma vibaya.

"Vijana wako kwenye gari, wanasubiri neno lako. Huyu akiingia ndani, kutoka ni miaka thelathini."

Miaka thelathini. Akilini Masatu alimwona Hilda kibarazani, peke yake. Akaona mpaka kikombe cha chai anachokaribishwa.

"We baba, unanunua au unachungulia?"

Mama Wankyo, mwenye dagaa, alimsimamia mikono kiunoni. Masatu akachota kiganja, akanusa kama mchuuzi. Akakunja pua.

"Mama, mbona zinanuka dizeli?"

"Si ndo hivyo! Wiki ya tatu hii wanunuzi wananikimbia. Injinia akishuka tu, kanakujaga kandege kasikokuwa na mtu ndani, kananyunyizaga pale juu. Upepo unaniletea mimi huku. Nikamwambia injinia. Akasema hata yeye kioo anakikutaga na mafuta kila asubuhi. Kaandika barua ofisini, kimya!"

Masatu alibaki na dagaa mkononi.

Eliud hakuwa anachafua kioo. Alikuwa anakisafisha.

Na hakuna mwingine aliyesikia. Ilikuwa ni kununua gunia na kwenda zake, Eliud akafungwe.

"Mwewe! Tumkamate?"

Akazirudisha dagaa guniani, moja moja.

"Mwewe?"

"Mwacheni. Siyo yeye. Shenzi kabisa, siyo yeye!"

Eliud akashuka mnarani. Dakika nne baadaye droni ilikuja kutoka upande wa kivuko, ikanyunyizia kioo ukungu wa mafuta, ikageuza.

Masatu akarukia pikipiki yake, Boxer, na kuifuata.

Ilitua nyuma ya Prado nyeupe kwenye foleni ya kivuko cha Ukerewe. Mzungu mmoja akaiokota. Masatu alimjua kwa picha: Dekker, mshauri wa washindani waliotaka kiwanda kijengwe kwao. Dekker akamwona. Mkono ukazama kwenye begi.

Glock ilimgusa shavu kabla mkono haujatoka.

"Kivuko kimejaa, bwana," Masatu alisema. "Utapanda gari letu."

Saa moja baadaye kioo kilikuwa kimesafishwa na wawekezaji walikuwa wameshapata vipimo sahihi. Simu ya Masatu ikaita. Namba hiyo hakuwa ameihifadhi, lakini aliijua kwa kichwa.

"Masatu? Mimi Hilda." Alikuwa analia. "Askari wamemwambia Eliud kila kitu. Walitaka kumfunga, ukakataa. Asante sana, shemeji."

Shemeji.

Risasi mbili zilishawahi kumpata. Hazikuuma hivyo.

"Karibu nyumbani ule, shemeji."

"Eliud anapendaga dagaa bado?"

"Sana!"

Masatu akakata simu. Akarudi kwa Mama Wankyo, akalipa gunia zima bila kubishana bei.

"Na harufu hiyo?" mama alishangaa.

"Hiyo hiyo. Lipakie basi la Musoma, liende Mukendo kwa Injinia Eliud. Waambie shemeji kawasalimia."

Akavaa kofia yake, akawasha Boxer na kuondoka taratibu, akipiga mluzi.